Kisima cha Jumanne

Andilana, Jumatano

Kosa ni langu, si la vijana. Safari nzima kutoka Mahajanga niliwaeleza nyaraka za Paulo, nikasahau kuwaambia kwamba hapa ni mwiko kuchimba ardhi Jumanne. Jana wakaanza kisima cha kanisa. Leo hakuna mwanakijiji aliyekuja kusaidia, na bila wao hatukimalizi.

Jioni Soa, kiongozi wa vijana, alikwenda kumwomba radhi mzee wa kijiji. Nilimfuata.

“Mwalimu wako hakukufundisha?” mzee alimwuliza.

“Alifundisha mengi, babu. Hili hakulifikia.”

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Ameagiza shimo lile lifukiwe, na kesho tuchimbe lingine pamoja. Jembe la kwanza nipige mimi, tena kimya.

Mgongo unaniuma tangu sasa. Nalala na furaha.