Kombe Lina Mwenyewe

Ghorofani, juu ya duka la fundi saa,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa kaka,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Mgongo wako unaendeleaje? Na wifi yangu, kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima, ila magoti yangu yameanza kuzeeka bila kuniuliza.

Nimerudi kutoka kisiwani, kule anakofanya kazi mpwa wako Chiriku. Ni kisiwa chembamba kama mkanda wa suruali, kimekaa mbele ya pwani kupokea makofi ya mawimbi ili sisi wa bara tulale. Ufuo wote makombe ya konokono wa baharini, ukikanyaga yanalia kama sahani. Nimeona pomboo, nimeona kasa mkubwa kuliko beseni langu la kufulia. Ndege ndio usiseme. Mmoja alinikazia macho hadi nikamwamkia.

Watu wanatoka mbali kuja kuokota makombe, na mwenye sauti pale ni mwanangu. Ana kofia na filimbi, na wenye mvi zao wanamwita mkuu. Wa tumbo hili, kaka.

Basi nikaona kombe la madoadoa, nikalitia mkobani nikuletee. Chiriku akanijia mbele ya wageni.

"Mama, hebu litoe. Hilo lina mwenyewe."

Nikadhani mtu kalipoteza. "Ni nani, nimrudishie?"

Akaligeuza. Ndani kijinyama kimejikunyata, kinanichungulia. Kumbe kombe tupu ruksa, lenye mwenyewe hurudi majini, hata kama mkuu umemzaa wewe. Wageni walicheka. Nililirudisha kwa mkono wangu, sketi imelowa, kichwa juu. Nani mwingine ana mtoto asiyempendelea hata mama yake?

Sasa lile jambo lako. Ulisema kwenye simu kuwa hakusomeshwa ili alinde konokono. Nimwachishe kazi, aje kwako akaolewe na mtoto wa rafiki yako, maana neno umeshatoa. Kaka, ulinibeba mgongoni nikiwa mdogo, nakuheshimu. Lakini simwambii. Nuna utakavyo. Neno ulilitoa wewe, lirudishe wewe. Huyu si kombe tupu, anayepita aokote. Ana mwenyewe, na mwenyewe ni yeye.

Nisalimie wifi na ndugu yetu pacha wako, na shangazi mwambie bado namwota. Mungu akunyooshee mgongo na moyo pia.

Kwenye kifurushi nimekutilia kombe jingine. Usihofu, ni tupu, mkuu amelikagua.

Akupendaye, ingawa safari hii hakutii,
dada yako,
Mama Mkuu.