Kwa Dada Yetu, Aliyekuwa Akipokea Simu za Dharura

Dada yetu mpenzi, mwaka mzima umepita tangu ulipoketi ukingoni mwa kitanda chako kuvua viatu vya kazini, ukavua kimoja, cha pili ukatuachia sisi.

Hatukujua kwamba ulikuwa unaaga. Uliingia kama kawaida, ukatundika mkoba nyuma ya mlango, ukauliza kama maji yametoka. Nikakujibu kutoka jikoni kwamba yametoka kidogo na nimekukingia ndoo. Hukusema kitu. Nilidhani ni uchovu. Ukitoka zamu hukuwa mtu wa maneno. Maneno yote ulikuwa umeyamalizia kazini.

Anayeandika ni mimi, mdogo wako kitindamimba, niliyekaa nawe nyumba moja tangu wazazi walipotutoka. Mdogo wako wa kiume, ambaye mimi namwita kaka, ameniomba niandike kwa niaba ya wote. Alisema mimi ndiye niliyekula nawe sahani moja muda mrefu kuliko wote, kwa hiyo nisijifanye sina la kusema.

Watu wengi walikujua kwa sauti tu. Kule kikosi cha zimamoto ulikaa chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama ukuta, na simu mbele yako. Nyumba ikishika moto, gari likipinduka, mtoto akimeza kifungo, mama akishikwa na uchungu kabla gari la wagonjwa halijafika, simu ilikuwa yako. Wenzako walikubandika jina la Tulia, maana ndilo lililokuwa neno lako la kwanza, hata kabla ya kuuliza ni nani na yuko wapi. Hukulisema kama amri. Ulilisema kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti.

Ulitueleza siku moja kwamba mtu aliyepigwa na butwaa humsaidii kwa kumwambia asiogope. Unampa kazi. Unamwambia afungue dirisha, au alete taulo, au aweke mkono kifuani pa mgonjwa akueleze kama kinapanda na kushuka. Mikono ikipata shughuli, ulisema, na akili hurudi.

Sisi wa nyumbani tulikujua vingine. Wewe uliyemzalisha mwanamke kwa simu, akiwa na mume aliyekuwa analia kuliko yeye, ndiye huyohuyo uliyenipigia karakana ya mapazia nirudi haraka, kwa sababu mjusi ameingia jikoni na anakutazama. Nikaacha cherehani, nikaja. Nikakukuta umesimama juu ya kiti, umeshika mwiko. Kaka alikutania miaka yote kwamba dada anazima moto kwa mdomo, lakini mjusi anamhamisha nyumba. Ulicheka mpaka ukashika mbavu, na kesho yake ukahama tena.

Na kutoka nawe nyumbani ilikuwa kazi. Tukishafika chini ya ngazi, ulisimama.

"Nimezima jiko?"

"Umezima, dada."

"Umeona kwa macho yako?"

Basi tunapanda tena, unagusa jiko, unagusa pasi, unagusa swichi zote za ukutani, tunashuka. Tulichelewa harusi za watu kwa ajili hiyo. Nilikasirika mara nyingi, halafu siku moja nikaelewa bila kuambiwa. Sisi wengine tunayaona mabaya yakiwa yameshakuwa makubwa. Wewe uliyasikia kila siku yalivyoanza: sufuria moja, waya mmoja, kidonge kilichosahaulika mezani.

Ulitulea bila kujitangaza. Naikumbuka mikono yako asubuhi, mmoja ukinichana nywele, mwingine ukipiga pasi shati la kaka, na mdomoni umebana pini. Ulipopata kazi ya zimamoto ulikuwa bado binti mdogo. Wachumba walikuja, wakakuta unatuhesabu sisi kwanza, wakaenda zao. Ulisema umeshazoea. Sikukuamini, lakini nilinyamaza, maana ukweli wako ungekupeleka kwa mume na kuniondoa pembeni yako.

Jirani wa chini, yule mama ambaye mumewe aliachishwa kazi akawa hasemi na mtu, anakukumbuka kwa chumvi. Ulikuwa unagonga kwake jioni kuazima chumvi. Unakaa kidogo, unamsikiliza, unarudi na chumvi kwenye karatasi. Nyumbani chumvi tunayo. Mtungi ulijaa, ukafuata mwingine. Nilipokuuliza tutaila lini yote hiyo, ulisema yule mama angeona haya kama ungeenda kumfariji, lakini kuombwa chumvi ni heshima.

Siku ile ulipokaa kitandani usiinuke, nilikuita nikiwa nakausha mikono. Nikaingia. Nilipiga namba yako ya kazini bila kufikiri. Zamu ilikuwa imeshapokelewa na yule kijana wa sauti ya kuimba, uliyempa mwenyewe jina la Kinanda. Tunafanana sauti mimi na wewe, hata kaka alikuwa akituchanganya. Kinanda akanisikia, akasema kwa furaha: "Dada Tulia, umesahau nini tena?"

Nikamwambia si Tulia, ni mdogo wake, na dada haitiki. Hapohapo sauti yake ikawa ya kawaida kabisa, akaniambia nikulaze chini, nikupige kwa mgongo wa kiganja shavuni, nikuite jina, halafu niweke viganja vyote viwili kifuani pako nikandamize, yeye atanihesabia. Alihesabu, nami nikakandamiza, mpaka nikasikia viatu vya wenzako kwenye ngazi. Baadaye aliniambia kwamba kila alichosema ni ulichomfundisha, na kwamba alipokata simu alishindwa kupokea iliyofuata. Tulifanya yote, dada. Hakuna lililobaki bila kufanywa. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka zamani, nawe hukumwambia mtu.

Mwaka huu nimeumaliza peke yangu. Kaka alitaka nihamie kwake. Wifi naye alinipigia, akasema chumba kipo, watoto wanamtaka Shangazi Mdogo, nitakaa peke yangu mpaka lini. Nikamshukuru, nikasema nina oda za mapazia. Oda zilikuwepo kweli, lakini sikubaki kwa ajili ya oda. Nikihama, nani atakuwa anajua kwamba kile kiti cha dirishani ni chako?

Nimejifunza kubadilisha mtungi wa gesi. Nimejifunza kumsubiri fundi umeme siku nzima na kutomgombeza akifika. Bomba la bafuni lilipopasuka, maji yalikimbilia hadi kwenye korido. Nikazunguka nyumba nzima nikitafuta koki kuu, na kumbe iko palepale nyuma ya mlango, umeining'inizia kitambaa cha vumbi. Niliifunga. Majirani wakaja na ndoo, tukakausha, wakaenda. Nikabaki nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimelowa chapachapa, nikingoja mtu anicheke. Shida yenyewe niliiweza. Kilichonishinda ni ule ukimya baada yake.

Nikapata homa mwezi wa baridi. Nikasema kwa sauti, nasikia baridi. Nilizoea kusema tu, na blanketi linakuja. Safari hii nilisema mara mbili, halafu nikaamka nikalichukua mwenyewe kabatini. Lilikuwa linanuka sabuni yako.

Sasa, dada, kuna jambo lililotokea, na ndilo lililonipa nguvu ya kuandika.

Mwezi uliopita mchana, mlango uligongwa. Nikafungua, nikamwona mwanamke wa umri wangu, mwavuli unadondosha maji, ameshika mfuko wa machungwa. Nikamwambia karibu, na nikamwomba radhi kwamba simfahamu. Aliposikia sauti yangu alishika fremu ya mlango. Alikuwa amekwenda kukuulizia kituoni, akaambiwa na Kinanda kwamba umefariki. Alikuja hivyohivyo, aione nyumba yako na awape pole wenyewe. Hakujua kwamba atapokelewa na sauti ileile.

Alikaa. Akaniuliza kama nakumbuka moto wa lile ghala la magodoro, miaka ile. Nikasema nakumbuka, ingawa mimi nilichokuwa nakumbuka ni wewe jioni ile, umekaa jikoni unaosha vyombo visivyo vichafu. Nilikuuliza kuna nini, ukasema palikuwa na binti na mama yake ghorofa ya juu, na simu imekatika. Nikakuuliza kama walitoka. Ukasema hujui. Nikasema basi waulize wenzako waliokwenda na gari, wapo hapohapo kituoni. Jibu lako sijalisahau: "Nikiuliza mmoja nitauliza wote. Nitawabebea wapi?" Wiki hiyo ulimwomba muuza magazeti asituletee gazeti.

Yule binti ndiye huyu aliyekuwa amekaa mbele yangu na machungwa yake.

Alinisimulia. Moto ulianzia ghalani, chini ya nyumba yao, moshi ukapanda kwenye ngazi. Mama yake alikuwa na miguu mibovu, hawezi kutembea. Alipokupigia alikuwa anapiga kelele tu, hata mtaa hakuweza kuutaja. Ukamwambia atulie, ukampa kazi: alowanishe mashuka, azibe chini ya mlango, amburute mama mpaka chini ya dirisha, afungue dirisha, na wote wawili walale chini. Akafanya. Lakini moshi uliendelea kuingia, na gari halionekani. Hapo akakata shauri. Akakuambia anambeba mama mgongoni, anafungua mlango, anapita kwenye ngazi liwalo na liwe.

Anasema hukumkataza. Ulimwambia kwanza auguse mlango kwa mgongo wa kiganja. Akaugusa, akautoa mkono haraka. Nawe ukasikia alivyoguta, ukamwambia: "Basi huko hatupiti. Tunakaa hapahapa dirishani."

Aliyarudia maneno hayo mara kadhaa pale kwenye kochi letu. Ulisema hatupiti. Ulisema tunakaa. Anasema kama ungesema kaeni, angetoka. Aliona kama mko watatu chumbani, na mtu wa tatu hana haraka.

Kisha simu yake ikazima, chaji imekwisha. Mama yake, ambaye hakuwa amesema neno muda wote, akaichukua ile simu iliyokufa akaiweka sikioni, akawa anakueleza kwamba bado wapo, binti asikilizwe, gari lifanye haraka. Alikuwa anaongea nawe wakati ngazi ya zimamoto ilipogonga dirisha.

Nilimuuliza kwa nini hakuja siku zote hizo. Akainamisha kichwa. Alisema simu zako zilikuwa nyingi, aliogopa kufika na kuambiwa humkumbuki. Nikamweleza habari ya vyombo na gazeti. Yeye aliogopa kukuuliza kama unamkumbuka, nawe uliogopa kuuliza kama yu hai, na kati yenu ni mwendo wa kutembea kwa miguu.

Hatukulaumiana. Tulimenya machungwa. Alipoaga alinishika mkono kwa muda, akaniomba nimwambie neno lolote, asikie tu. Nikamwambia aangalie ngazi, zinateleza kukinyesha. Akacheka na kulia kwa pamoja, akashuka taratibu.

Nilipofunga mlango nilikwenda moja kwa moja chumbani kwako. Nilikuwa nimeshashika kitasa na nimeshafungua mdomo. Nilikuwa na habari, na ilikuwa habari njema, na hapa duniani palikuwa na mtu mmoja tu wa kupewa habari hiyo.

Kwa hiyo naiandika hapa, mbele za watu, kwa kuwa sina njia nyingine. Walitoka, dada. Wote wawili walitoka. Binti ana mikono yote na macho yote, ana mume na watoto. Mama yake aliishi miaka mingi baadaye, akawabeba wajukuu magotini, na alipokwenda alikwenda kwa uzee, kitandani kwake, amefunikwa vizuri. Mpaka mwisho alimsimulia kila aliyemtembelea habari za yule dada wa kwenye simu. Hawa huna haja ya kuwabeba tena. Waweke chini.

Wanaokukumbuka ni mdogo wako wa kiume na wifi yako. Watoto wao, wanaouliza Shangazi Mkubwa yuko upande gani wa mbinguni, na kama kuna mijusi. Kinanda na wenzako wote wa zamu. Jirani wa chini, ambaye sasa ndiye anayepanda jioni kuniomba chumvi. Binti wa ghorofa ya juu, aliyeuliza kwa aibu kama anaweza kutajwa pamoja na ndugu, nasi tukasema yeye ni ndugu. Na wengine waliokusikia siku yao mbaya kuliko zote, ambao hatuwajui na hawatujui.

Na mimi, mdogo wako, niliyebaki na nyumba.

Lala salama, dada. Kukusahau hatuwezi, leo wala siku yoyote.