Kura ya Pili

Dada yangu mpenzi,

Salamu kwanza, na vigelegele juu yake. Sisi wazima. Kuku ametotoa vifaranga kumi na mmoja, na paa la jikoni halivuji tena. Shemeji yako amelipanda mwenyewe akaliziba, yule aliyekuwa akifunguliwa hata mlango wa gari!

Najua mmesikia kwamba bunge lilimwondoa mume wangu madarakani. Ile ilikuwa kura ya kwanza, na haikumzuia kugombea tena. Ilibidi wabunge wapige kura nyingine, peke yake, ya kumnyima cheo chochote maisha yake yote. Wenzake wakapita nyumba kwa nyumba kuwasihi waiache. Mimi, dada, usimwambie mtu, nilimwomba Mungu ipite. Miaka tisa nimelala na simu zake. Tena yale mashtaka waliyomsomea, mengine yalikuwa kweli.

Jana kura hiyo ilipita.

Alirudi, akavua tai, akala sahani mbili. Leo asubuhi kaniuliza, "Mke wangu, hivi hawa vifaranga wana siku ngapi?" Nikacheka mpaka machozi.

Mwanasheria wake alituletea fomu ya rufaa. Mwisho wa kuipeleka ni kesho saa sita mchana. Geuza karatasi hii, utaiona. Nilipomwomba mume wangu karatasi ya kukuandikia, aliishika fomu yake, akaitazama weee, kisha akanipa hiyo hiyo.

Ni mimi mdogo wako,
bibi harusi upya