Nahodha na Daktari Wake

Jumanne, Penrith

Ameniita mwizi tena, mbele ya wageni, kwa sababu ya slipa alizokuwa amezivaa mwenyewe.

Huyu mzee ninayemuuguza aliigiza nahodha wa chombo cha anga kwenye tamthilia ya zamani ya televisheni. Aliyeigiza daktari wa chombo hicho naye anatunzwa hapa kwenye nyumba yetu ya wazee. Walinuniana miaka arobaini, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ndiye aliyemfukuzisha kazi. Sasa wamesahau, wanamenyeana machungwa.

Leo nilimwinamia nahodha nikamnong'oneza, "Mzee, huyo ndiye aliyekufukuzisha kazi."

Akamtemea daktari mate usoni.

Kufikia chai ya saa kumi alishasahau, anamtafuta rafiki yake amenyewe chungwa.

Daktari hajasahau. Amelia mpaka shifti yangu ikaisha, akiniuliza alimkosea nini.

Nimemjibu sijui.