Sauti Yangu, Jina la Ludwina

Mpendwa Shangazi Leontien, naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi, maana mume wangu nikimweleza anacheka mpaka anajiziba mdomo kwa taulo la jikoni, na rafiki wa kumweleza sina, rafiki zangu wote wamo ndani ya jambo lenyewe.

Mimi ni mmoja wa wanawake sita wa hapa Mechelen tunaoimba nyimbo za kale, na nikisema za kale sina maana za ujana wa mama yangu, ni nyimbo za watawa waliokufa miaka mia nane iliyopita, tunaziimba bila kinanda, bila ngoma, bila mwanamume, tumevaa viatu vya sufu ili sakafu ya kanisa isitoe hata mlio, na kiongozi wetu ni Ludwina, ana miaka sitini na tisa, ndiye aliyeanzisha kundi, ndiye anayetukataza kula jibini siku ya mazoezi eti linaziba koo, na ndiye aliyetufundisha kwamba sauti ya mwimbaji wa nyimbo hizi iwe nyoofu, isitikisike hata chembe, kutikisika waachiwe watu wa opera.

Sasa, Shangazi, miaka sita iliyopita tulikuwa na mwenzetu anaitwa Machteld, sauti yake ikaanza kutikisika, na siku moja tunakunywa supu ya liki Ludwina akaweka kijiko chini akamwambia, "Machteld, mpenzi, unatikisika. Kuna kwaya nzuri sana ya wastaafu ng'ambo ya mto," tukapiga kura pale pale mezani, na mkono wangu mimi ulikuwa wa kwanza kwenda juu, Machteld akamaliza supu yake, akakunja kitambaa, akaenda, hatujamwona tena.

Basi majira ya baridi yaliyopita sauti ya Ludwina nayo ikaanza. Akishika noti ndefu inayumba, na mwezi wa pili tukarekodi santuri, na humo ana wimbo wa peke yake, dakika nne, maombolezo ya mtawa mmoja, na tulipoisikiliza kwenye mashine Katrien akaninong'oneza, "Mungu wangu, ni Machteld mtupu!" nikamuuliza nani atamwambia, akasema, "Wewe. Mimi nina watoto," na hao wengine watatu wakaanza kutafuta mikoba yao.

Hatukumwambia. Tulimhurumia, Shangazi, nakuapia ilikuwa huruma. Jumatatu asubuhi, Ludwina akiwa kwa daktari wa meno, nilirudi kanisani na Joris, fundi wa kurekodi, nikauimba ule wimbo mimi, yeye akaiondoa sauti ya Ludwina akaweka yangu, na alipokuwa anakunja nyaya zake akasema, "Mimi nikiulizwa sijui kitu. Na nyinyi ndio mnaoimba habari za Mungu!"

Santuri imetoka mwezi wa tisa na jina la Ludwina liko juu ya wimbo huo. Tuliisikiliza pamoja kwenye kanisa dogo tunalofanyia mazoezi, Ludwina amefumba macho, ulipokwisha akayafumbua, akasema, "Basi. Hivyo ndivyo unavyotakiwa kuimbwa," akatubusu sote, mimi akanibusu wa mwisho. Wiki iliyofuata mtangazaji wa redio akasema sauti ya Ludwina "haina umri". Haina umri! Umri inao, ina miaka arobaini na moja na inafanya kazi duka la dawa! Nilizima redio nikalia, na tangu hapo nikimwona mtu ananunua ile santuri natamani kumshika mkono nimwambie ni mimi huyo.

Jumamosi hii tunaimba Antwerpen, kanisa litajaa, watu wote wanakuja kusikia sauti hiyo isiyo na umri, na Ludwina atasimama mwenyewe na kuimba, na kila mtu atasikia. Na juu ya yote ananidharau. Juzi amenipa kile chuma chake anachokigonga kutupa sauti ya kuanzia, ambacho miaka yote hii hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, akaniambia, "Kaa nacho wewe." Halafu akasema, "Jumamosi usimame karibu yangu. Nikinyamaza, usiuache wimbo hewani." Yaani amechukua sifa zangu, sasa ananifanya mchukuzi wake! Katrien anasema tumdanganye kwamba tamasha limeahirishwa. Je, nimwambie au ninyamaze? Na ni dhambi kutaka jina langu liandikwe?

Tafadhali badilisha majina yetu, kwa sababu Ludwina huletewa gazeti lenu kila Alhamisi na hutusomea safu yako wakati wa chai, huku akikuigiza sauti.

Ni mimi, Mwimbaji Aliyefichwa.

*

Mwimbaji Aliyefichwa,

Ananiigiza? Mwambie asitie puani, mimi sisemei puani.

Tuanze na hiyo huruma yako, maana umeniapia. Machteld mlimwambia ukweli usoni, mbele ya supu, kwa sababu hakuna aliyemwogopa. Ludwina mmemwondolea sauti yake huku yeye amepanua mdomo kwa daktari wa meno, kwa sababu mnamwogopa. Watu wazima watano, mmoja anatafuta mkoba, mwingine ana watoto! Mnaweza kushika noti moja dakika nzima bila kuyumba, lakini sentensi moja ya ukweli imewashinda kuanzia mwezi wa pili mpaka leo. Huo ni woga, binti, na wewe mwenzangu umeongeza na tamaa. Dakika nne za Ludwina ulizitaka siku nyingi. Ungekuwa huzitaki, Joris angempata mwingine.

Kutaka jina lako liandikwe si dhambi. Umeimba vizuri, hata mimi nimeisikia redioni nikasahau viazi vyangu motoni. Nakuonea huruma, kwa kweli, kusifiwa chini ya jina la mtu kunauma. Lakini ni wewe uliyeweka sauti yako chini ya jina hilo. Huwezi kujificha nyuma ya pazia kisha ukanuna kwamba huonekani.

Sasa nisikilize, maana barua yako nimeisoma mara mbili na nadhani wewe mwenyewe hukuisoma hata mara moja.

Mwanamke amekaa miaka yote hiyo akisikiliza sauti zenu. Anajua nani kala jibini. Kutikisika kwa Machteld alikusikia kabla Machteld mwenyewe hajakusikia. Na wewe unadhani mwanamke huyo aliwekewa dakika nne za sauti yako masikioni, akazidhani zake? Alisema, "Hivyo ndivyo unavyotakiwa kuimbwa." Hakusema, "Hivyo ndivyo nilivyoimba." Kisha akakubusu wa mwisho. Kisha akakupa chuma chake. Kisha akakuomba, kwa maneno ambayo mtoto angeyaelewa, uushike wimbo atakaponyamaza. Na atanyamaza, binti, nafikiri ameshapanga hata ni wapi. Anajua. Amekurithisha kundi zima, na wewe umeenda kununa kwamba umefanywa mchukuzi! Nilipofika hapo nilitupa miwani yangu mezani.

Anachosubiri ni neno lako tu. Amewapa nafasi tangu mwezi wa tisa, na kila wiki mnakunywa naye chai na kumtazama machoni.

Kwa hiyo nenda nyumbani kwake. Usimchukue Katrien, usimpelekee keki, usianze na habari za hewa. Gonga kengele, akifungua sema, "Kwenye santuri ni mimi, na niliimba bila kukuuliza." Halafu nyamaza, hiyo kazi unaiweza. Akikufukuza, umestahili. Akikukaribisha, muulize Jumamosi anataka iweje, na alitakalo ndilo litakalokuwa, hata akitaka kuimba dakika zote nne mwenyewe na kutikisika mpaka madirisha yaitikie. Jina lako kwenye santuri litajadiliwa baada ya hapo, na yeye akiwepo. Ukitoka kwake vuka mto, mtafute Machteld, mwombe radhi, mpe kiti cha mbele. Ana haki ya kusikia sauti ya Ludwina kama ilivyo.

Majina nimeyabadilisha yote, kama ulivyoomba. Lakini viatu vya sufu sikuweza kuvibadilisha, na mji huu una kundi moja tu la wanawake wanaovivaa.

Nakala ya jibu hili nimekupelekea kwa mkono, leo Jumanne. Gazeti litafika mlangoni kwa Ludwina Alhamisi, saa moja asubuhi. Wewe fika Jumatano.

Shangazi Leontien