Jedwali Langu la Ndimi Limemrudisha Mama Pate

Bi Hayat, assalamu alaikum. Naandika kwenye ukurasa wako wa ushauri kuomba msaada, lakini nakuomba mapema usiniambie niombe radhi, kwa sababu hilo nimeambiwa na kila mtu tangu Idi na jibu langu ni lile lile, siombi.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha nne hapa Amu, yaani Lamu mjini, nakaa mtaa wa Langoni na wazazi wangu na ndugu yangu mdogo Musab, na kwa baiolojia hakuna wa kunishinda darasani, si wavulana si wasichana, nasema hivi ujue tu kwamba sikukisia. Muhula uliopita mwalimu wetu, Bi Chelangat, alitufunza urithi, yaani jinsi mtoto anavyopokea jeni mbili kwa kila sifa, moja ya baba na moja ya mama, na kwamba kuna jeni inayotawala na nyingine inayojificha, na mfano uliomo kitabuni ni kukunja ulimi. Anayeweza kuukunja, kingo zikainuka kama mfereji, ana jeni inayotawala, asiyeweza hana kabisa. Akatupa kazi ya likizo, kila mtu awahesabu jamaa zake wanaoweza na wasioweza, tuandike idadi bila majina, lakini mimi niliandika majina kwa sababu sipendi kazi nusu nusu.

Idi mosi hula sote nyumbani kwa bibi, mamake baba. Sinia zilipoondolewa na watu wakanawa, nilisimama na daftari nikasema, "Haya, toeni ndimi," na pakawa na kicheko ambacho sijawahi kukisikia nyumba ile, shangazi Fairuz akaukunja wake mara moja, watoto wakawa wanatoleana ndimi, baba akajaribu hata kwa kuusukuma kwa vidole, lakini wapi. Bibi akasema yeye si mbuzi wa kuangaliwa mdomo, nikaandika amekataa. Mama alikuwa ameketi mkabala na bibi, akajifunika mdomo kwa mtandio akacheka akatikisa kichwa, "Mimi siwezi, mwanangu, nipite," nikaandika hawezi. Musab hawezi. Mimi naweza, naukunja tangu nikiwa mdogo.

Basi nikafanya hesabu pale pale kwa sauti kama tunavyofanya ubaoni, baba hana jeni ile, mama hana, mtoto wao hana pa kuipata, kwa hivyo mimi, na hapo nikanyamaza, lakini kila mtu alikuwa ameshafika mwisho wa hesabu kabla yangu.

Bibi akanikazia macho yangu akasema, "Nilinena mimi tangu kuzawa kwake, mato haya si ya kwetu." Shangazi Fairuz akadakia kwamba siku hizi si kazi, mtu hutema mate kwenye kichupa yakapelekwa Mombasa na majibu yakaja. Baba, ambaye hupandisha sauti kwa injini za boti tu anazotengeneza, aliweka kikombe chini akasema, "Simpimi mtu. Huyu nilimwadhinia mimi sikioni. Mwenye kutaka kupima na anipime mimi akili." Asubuhi yake mama alifunga nguo zake na za Musab akaniambia, "Mimi naenda kwetu Pate. Siku utakapoliondoa neno hili, nitaregea."

Hii ni wiki ya tano. Baba huvuka kwa boti kumfuata kila Ijumaa baada ya swala na hurudi peke yake, hanigombezi, hunipikia, na hilo hunichoma zaidi kuliko kugombezwa. Mjomba Yunusi, kakake mama, alipiga simu kutoka Pate akamwambia baba, "Elimu gani hii ya kuvunda nyumba? Mtoe mwana skuli."

Sasa mimi nauliza, kosa langu ni lipi? Sikumtukana mama, sikumtaja mwanamume yeyote, niliandika nilichokiona kwa macho yangu, na ndivyo nilivyofunzwa. Nikiomba radhi nitakuwa nimeomba radhi kwa kusoma, na mimi nataka kuwa daktari. Wengine wanadhani haliniumi. Nampenda baba yangu, nikimtazama akifungua injini najiuliza mikono yangu hii ni ya nani, na nalia, ila silii mbele za watu. Shangazi yuko tayari kunipeleka Mombasa kwa siri nikapimwe. Nataka kwenda ili yaishe. Niambie nifanye nini wakubali kwamba sayansi haikusema uongo.

Mwanasayansi, Langoni.

*

Mwanasayansi, waalaikumu salaam.

Umeniwekea sharti, na kwenye ukurasa huu anayeweka masharti ni mimi. Radhi utaomba. Soma mpaka mwisho ujue ni ya nini, maana si ya kusoma.

Barua yako nimeipitia mara tatu na kalamu mkononi. Unasema uliandika ulichokiona. Mamako aliketi mkabala na mama mkwe wake, nyumbani kwa mama mkwe wake, siku ya Idi, akajifunika mdomo kwa mtandio akaomba umpite. Maneno hayo ni yako. Haya, ulimi wake uliuona saa ngapi? Mke gani aliyelelewa Pate akaleleka atamtolea mavyaa wake ulimi mbele ya ukoo mzima? Hata kama huukunja mara tatu, siku ile asingeutoa. Ulimi wa bibi hukuuona ukaandika amekataa. Ulimi wa mamako hukuuona vile vile ukaandika hawezi. Mwanafunzi wa kwanza darasani, umeshindwa kujaza jedwali la jamaa zako!

Na kama hilo halitoshi, nikupe jingine. Mimi nina pacha. Tulitoka yai moja, tunafanana mpaka shemeji yangu alikuwa akinisalimu mimi akidhani ni mkewe, na jeni zetu, wewe mwenyewe wajua, ni zile zile. Pacha wangu hukunja ulimi bila taabu. Mimi sijaweza miaka sitini na mbili. Kwa hesabu yako mmoja wetu aliokotwa. Nilimpigia simu daktari mmoja anayefundisha mambo ya urithi chuoni, akaniambia watafiti waliuona ubovu wa mfano huo zamani sana, kwamba kukunja ulimi hakuendi kwa jeni moja, wengine hujifunza ukubwani, na wazazi wasioweza huzaa watoto wanaoweza bila mtu wa tatu kuingia. Kitabu kilirahisisha ili uelewe somo. Hakikukupa ruhusa ya kuamua nani ni baba wa nani. Mwalimu wako alisema msiandike majina, na sasa umejua kwa nini.

Kwa hiyo sayansi haikusema uongo. Haikusema kitu. Uliyesema ni wewe.

Na ulichosema ni kizito. Kumtia shaka mwanamke aliyejihifadhi, dini yetu imetaka mashahidi wanne. Wewe ulikuja na ulimi mmoja, na wenyewe ulikuwa wako. Bibi yako alikuwa na kisirani chake na mato ya mtoto miaka kumi na saba akakosa mtu wa kumshika mkono, ukamshika wewe, tena kwa daftari la shule. Usidhani nimemsamehe yeye wala huyo shangazi yako. Watu wazima wawili kumwacha mtoto abebe shutuma waliyoshindwa kuibeba wenyewe ni aibu, na nawaandikia hapa hapa wasome.

Pole, mwanangu. Hiyo mikono unayoiangalia ukalia, mimi nimeumia kusoma. Umejifanyia unyama huu mwenyewe kwa wiki tano kwa sababu ya alama moja ya kalamu, na ulikuwa jasiri mahali pasipotaka ujasiri.

Mombasa huendi. Kipimo cha DNA kipo na ni cha kweli, lakini si cha kuibiwa mate na shangazi. Wewe bado uko chini ya wazazi, na baba yako alijibu mbele ya kila mtu. Ukishakuwa mtu mzima ukitaka kujipima, mwili ni wako. Ila mamako hatarudi nyumbani kwake kwa cheti. Mwanamke hapimwi ndipo aheshimiwe, na mwenye kutaka kubishana nami juu ya hilo aniandikie, anwani anayo.

Baiolojia pia huachi. Mwonyeshe mjomba wako aya hii. Bwana Yunusi, ukimtoa mtoto skuli kwa kuwa amekosea hesabu, utabaki na mtoto mwenye kosa lile lile na asiye na wa kumsahihisha. Aisome zaidi, afike mbali kuliko kitabu kilichomdanganya.

Sasa kazi. Usiichane karatasi ile, na usifute kitu. Piga mstari mmoja juu ya neno hawezi, lisomeke bado, na kando yake uandike sikuona, na tarehe. Ndivyo watu wa kazi yako wanavyorekebisha makosa. Alhamisi nenda kwa bibi yako, shangazi awepo, simama pale pale uliposimama siku ya Idi, usome kwa sauti ile ile ya ubaoni ulipokosea na vipi. Bibi akianza habari za mato, usimjibu kwa ukali, soma tena kutoka mwanzo. Mamako alisema neno liondoke kwanza, na litaondokea lilipoingilia.

Ijumaa vuka na baba yako. Mpe mamako daftari mkononi auone mstari. Mwambie nisamehe na usitie lakini nyuma yake. Usimwombe akuonyeshe ulimi, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Na anaweza kukukatalia, maana kidonda kina wiki tano na ulikitia chumvi kila siku kwa kusema siombi. Asiporudi Ijumaa hii, nenda ijayo, na inayofuata, bila kuchoka wala kununa. Ndivyo afanyavyo baba yako, na wewe ni mwanawe.

Bi Hayat