Kengele ya Baba

Shambani, Minnesota
Oktoba 10, 1915

Mwanangu Signe,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, ng'ombe wazima, ila kuna jambo nalo si dogo. Baba yako alianguka zizini akikamua. Ni kiharusi. Upande wa kulia umelala na sauti imekwenda. Ananitazama, lakini sijui kama ananiona.

Daktari Lindqvist alikuja akamulika macho yake kwa mshumaa, akamfinya, kisha akaniambia, "Mama, mwili umebaki, mwenyewe ameondoka." Mswidi yule hajawahi kuwa na habari njema. Sasa ba'mdogo wako Halvor anataka tumpeleke ile hospitali ya wendawazimu kabla theluji haijafunga njia. Anasema mimi peke yangu siwezi kulisha ng'ombe na mume pia. Hasemi kwa ubaya. Juzi nilimwona akilia nyuma ya ghala.

Baba yako Tarald hakuwa msemaji hata alipokuwa mzima, wewe unajua. Ningejuaje tofauti? Muulize huyo profesa wako wa elimu ya akili: akili ya baba yako bado ipo?

Mama yako


Baltimore
Oktoba 19, 1915

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea ngazini, nikashindwa kupanda. Pole sana. Mshike Baba mkono kwa niaba yangu, ule wake wa kushoto ambao bado unasikia.

Nilimuuliza profesa. Mama, usicheke, lakini humu maabara kwetu neno "akili" ni mwiko. Zamani wataalamu waliketi wakiulizana, "Unahisi nini ndani?" Profesa anasema huko ndani hakuna aliyewahi kuchungulia, basi tuachane nako, tutazame kinachotendwa. Panya wetu weupe wanakimbia kwenye vichochoro vya mbao kutafuta chakula, nasi tunaandika: amekwenda kulia, amekwenda kushoto. Anayesema panya "amejua" au "ametaka" anapewa ndoo, anaosha vizimba vyote jioni ile. Mimi niliuliza kama Baba "anajua" yuko wapi. Nimeosha, na mikono bado inanuka.

Ila profesa hakunifukuza. Alisema, "Swali lako halina jibu. Uliza hili: je, anaweza kujifunza kitu kipya?" Akanikumbusha kazi ya Warusi. Walimpigia mbwa sauti fulani kila mara kabla ya kumlisha, mwishowe mate yakamdondoka kwa sauti tu, chakula hakijaonekana.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kengele ndogo ya shaba, Baba hajawahi kuisikia. Ipige, kisha mpe kijiko. Fanya hivyo kila mlo. Siku akifungua kinywa kwa kengele kabla ya kuona kijiko, niandikie mbio.

Mwanao, Signe


Shambani
Novemba 9, 1915

Signe mwanangu,

Hujambo? Sisi tunashukuru. Barafu imeanza kwenye mtungi wa maji ya kuku.

Kengele yako haifai kitu. Nimepiga asubuhi, mchana na jioni, mpaka paka amekimbilia ghalani. Baba yako hageuzi hata kope. Napiga, nafumba macho, nasoma sala ya chakula, na nikifika "Amina" ndipo anafungua kinywa, vilevile kama zamani. Wakumbuka mchungaji alivyomkaripia kwa kutanguliza uma mbele ya Amina?

Nilimweleza daktari, akacheka. Eti Amina ni mazoea ya utotoni, hata kuku aliyekatwa kichwa hukimbia. Nilitamani kumwonyesha kuku kwa karibu.

Halvor amepata karatasi ya hospitali. Njia sasa ni matope matupu, anangoja igande sawasawa kwa ajili ya sleji, lile gari la kuteleza thelujini, halafu atakuja. Nimechoka, mwanangu. Sijui tena nabishana kwa ajili ya nani.

Mama yako


Baltimore
Novemba 15, 1915

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kosa ni letu sote wawili, na mimi zaidi, maana nimekulia mezani pako. Umeweka sala katikati! Kengele inalia, inafuata sala nzima ya Kinorwe, ndipo kijiko kinakuja. Kwake kengele haina habari yoyote. Mwenye habari ni Amina. Na daktari amesema kweli, Amina ni ya zamani, haitatuonyesha kitu.

Fanya hivi. Saa ambayo si ya chakula, ingia na malai, utando mzito wa maziwa, yenye sukari. Piga kengele, mpe kijiko papo hapo. Usisali katikati, tafadhali.

Mwanao, Signe


Baltimore
Desemba 12, 1915

Mama,

Shikamoo. Sijapata neno lako. Je, mmefungiwa na theluji, au umenikasirikia? Najua mtu akila bila sala, wewe husemi amekula, unasema amelishwa. Kama ni hivyo, nisamehe. Ila niambie Baba yuko wapi. Humu maabara nahesabika mtulivu, lakini jana nilimwita panya kwa jina la Baba.

Mwanao, Signe


Shambani
Januari 2, 1916

Signe wangu,

Heri ya mwaka mpya. Sote tu wazima, na nikisema sote namhesabu na baba yako, maana yuko hapa nyuma yangu.

Ndiyo, nilikasirika. Nikaiweka kengele kabatini. Kisha nikawaza: Mungu hatashindwa kunisikia nikisali ukumbini kabla ya kuingia. Basi nikawa nasali mlangoni, naingia, napiga kengele, nampa malai. Siku nyingi hakikutokea kitu. Asubuhi moja nikapiga kengele huku kijiko kimefichwa mgongoni, na kinywa kikafunguka. Nililia hadi malai yakamwagika.

Halvor alipofika na sleji nikamwonyesha. Alitazama sana, akasema, "Gunhild, hata ndama hujifunza hivyo." Ni kweli. Ndama wangu wote wanakijua kishindo cha ndoo. Nikaenda chumbani kufunga nguo za baba yako.

Nikiwa nakunja soksi, kengele ikalia.

Nilikuwa nimeiacha kitandani, naye alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto. Nikakimbia na malai. Akafumba midomo. Nikadhani ameshiba, nikarudi kwenye soksi. Ikalia tena. Nikaja, nikasimama, ikazidi. Nikachoka kusimama, nikaketi kando yake. Akaiweka chini, akaufunika mkono wangu kwa wake.

Miaka yote hii hajaniambia kwamba ananipenda. Alikuwa akiniwekea viatu karibu na jiko vipate joto, nami nilijua. Basi nilijua na hili.

Halvor alikuwa mlangoni. Alitoka akawafungua farasi, kisha akarudi, na karatasi ile akawashia jiko.

Mama yako


Baltimore
Januari 9, 1916

Mama yangu,

Shikamoo, na Baba mshikie miguu kwa niaba yangu. Nitakuja wakati wa kiangazi.

Nilimsomea profesa barua yako. Alivua miwani akasema, "Vizuri. Sasa andika alichotenda, basi." Nikaandika: alipiga kengele, akakataa malai, mkewe akaketi, akaacha kupiga. Halafu kalamu ikiwa bado mkononi nikasema mbele ya wote, "Alimtaka Mama." Nikaenda kuchukua ndoo bila kuambiwa.

Profesa ana ombi. Aketi Ba'mdogo mahali pako, tuone kama kengele itanyamaza. Ni swali zuri, na hata mimi linanichokonoa. Lakini usipotaka usifanye, kaa naye tu. Jibu langu nimeshalisema, na vizimba nimeshaviosha.

Mwanao, Signe